Glavu Mbili za Mkono wa Kushoto

Kwa mke wangu Zuwena, huko Chukwani kwa kaka yako.

Assalaam alaykum. Salamu nakupa kwa kuwa salamu ni haki, na haki hanyimwi hata mke aliyemfungia mumewe simu. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua, na mafua huku si ugonjwa, ni majira. Wewe afya sikuulizi, maana Mama ameniambia kuwa tangu uhame kwetu Amani umenawiri, mashavu yamejaa, na unacheka mpaka jirani wa tatu anasikia. Alhamdulillahi. Mtu akimwacha mama mkwe peke yake na ndoo zake za maji, lazima anawiri.

Barua hii anakuja nayo Mzee Pandu, yule ninayefanya naye kazi, anayekuja Unguja kumwoza binti yake. Nimeipaka gundi pande zote nne kwa sababu Mzee Pandu namjua: ni mtu mwema, ila macho yake yana njaa. Ukiona mwandiko wangu unakushinda kusoma, lawama jibebee mwenyewe. Ungefungua simu ungesikia sauti.

Nimeambiwa umeambiwa kwamba kila Jumamosi mimi hukaa na wanawake wa kizungu. Ni kweli. Sikatai. Hukaa nao saa tatu nzima, tena kwa kujipinda, na leo nitakueleza ni wanawake gani, ili ukinuna, unune kwa jambo unalolijua.

Nianze na kazi, kwa kuwa ndiyo iliyonipeleka huko. Unajua nipo kiwanda cha samaki. Kwenye simu nilikuwa nakwambia "nashughulika na samaki," nawe ukafurahi, ukadhani mumeo kapata kazi ya asili yake. Kazi yenyewe ni kukata vichwa. Mtumbatu, mtoto wa Mtumbatu, mjukuu wa Mtumbatu, nimevuka dunia nzima kuja Norwei kukata vichwa vya samaki ambao nimewakuta wameshakufa, wamepangwa kwenye mkanda, wananijia mmoja mmoja kama wageni wa maulidi. Baba angeniona angegeuza uso. Halafu ikifika katikati ya majira ya baridi, jua halitoki kabisa. Miezi miwili, Zuwena. Saa sita ya mchana taa za barabarani zinawaka, na watu wa hapa wanasalimiana eti "hali ya hewa nzuri leo." Watu wa ajabu hawa. Mimi nikawa narudi kazini nalala kama gunia, naamka nakwenda kazini, narudi nalala. Kula nikasahau. Mwalimu wetu wa lugha akaniona nakonda, akaniambia, "Nenda maktaba Jumamosi. Kuna wanawake wanafuma. Watakufaa, wanasema polepole kwa sababu wanahesabu."

Basi hao ndio wanawake wangu. Ni wanane. Aliye kigoli kati yao ana wajukuu wanne. Kahawa yao ni maji yaliyoonyeshwa kahawa kwa mbali, na keki yao wanaikata vipande unavyoweza kuvisomea gazeti upande wa pili. Wanajigamba kwa uzi. Huyu uzi wake umetoka kwa kondoo wa shamba la dada yake, yule wa kwake umetoka kwa kondoo wa kisiwa fulani, na wote wanashika, wananusa, wanafumba macho. Mimi nimekulia nyumba ambayo mtu alifumba macho kwa kunusa karafuu, si kwa kunusa kondoo.

Mkubwa wao anaitwa Bi Inga. Miaka themanini, ndevu tatu kidevuni, miwani miwili: mmoja usoni, mmoja kichwani. Siku ya kwanza alinipa kiti, akanitazama mikono, akaniuliza, "Kwenu mnazo kazi za mikono?"

Zuwena, nilimkumbuka Mama na kofia zake, kofia moja miezi mitatu, vitundu vidogo kuliko ufuta, na kila kitundu kimezungushiwa uzi mpaka mtu mwenye macho yake mazima anatafuta wapi umeanzia. Nikawakumbuka babu zangu waliofuma nyavu maisha yao yote, wanaume wenye sauti za kutisha, wamekaa na sindano na kibao cha kupimia tundu la wavu, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanafanya kazi ya kike. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni, lakini lugha yao sikuwa nayo. Nikamjibu, "Kidogo." Akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyonifanya nichukue sindano.

Wanafuma glavu. Usidhani glavu ya vidole vitano kama ya askari wa gwaride. Hii kidole gumba kina chumba chake, vinne vilivyobaki vimelazwa chumba kimoja kama watoto wa ukoo mkubwa siku ya Idi. Ni mfuko wa mkono, hakuna zaidi. Ukiuvaa huwezi kufunga kifungo, huwezi kuhesabu tasbihi, huwezi hata kumnyooshea mtu kidole ukamtukana vizuri. Lakini wao wameupamba. Glavu hizi zinafumwa kwa nyuzi mbili za rangi mbili pamoja, moja ikitoa maua, nyingine ikifanya kiwanja, na ile isiyo na zamu inapita nyuma kimyakimya. Ukiikaza, glavu inajikunyata. Ukiilegeza, kidole kinanasa ndani. Na ua lenyewe linafuatwa kwenye karatasi ya viraba, kiraba kimoja kitanzi kimoja, na karatasi hiyo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wenyewe wanaoanza hulia machozi kwa hilo. Mimi nikaanzia kulia, nikaenda kushoto, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wala sikuinua kichwa.

Bi Inga akashusha miwani ya pili. "Nani kakufundisha?"

"Chuoni," nikamwambia. Mikwaju ya Maalim wetu wa Qur'ani haikwenda bure.

Tangu siku hiyo hakuniuliza tena kama kwetu tuna mikono.

Sasa tuje kwa Seif, fundi wa kubeba maneno, ambaye wewe umemwamini kuliko mimi. Unamjua, ndugu yake Asha mwenye duka la vitambaa Mlandege. Seif ana kazi nzuri hapa, ana gari, ana koti la ngozi, na akili amewaachia Mlandege wamtunzie. Kila Ijumaa baada ya sala hukaa kwenye duka la Mturuki na wenzake watatu, wanakunywa chai ya maziwa na kuchambua ndoa za watu. Alinipitia siku moja chumbani kuazima pasi, akaikuta glavu kitandani, nyeupe ina maua mekundu, sindano tano zimeichoma pande zote. Akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyekamata panya kwa mkia.

"Vuai, nini hichi?"

"Glavu."

"Nani kaifuma?"

"Mie."

"We mwanamme mzima, ndevu hizo, unafuma?"

"Nnafuma. Kwani we unavaa nini hapo, si fulana ya kufumwa? Ilitoka mtini?"

Akaigeuzageuza. "Mbona ndogo hivi? Ya nani?"

Hapa nilitakiwa nimjibu kwa adabu, yakaisha. Lakini uso wake ulikuwa na kile kicheko cha upande mmoja, na mimi nilikuwa nimekata vichwa tangu alfajiri. Nikamwambia, "Ya mwanamke. We yakuhusu nini?"

Basi. Hayo ndiyo maneno yangu yote. Nakiri kwamba nilisema, na nakiri kwamba nilisema kwa kumdharau, kwa sababu Seif ni mtu ambaye ukimpa heshima anaiweka mfukoni na kukuomba nyingine. Lakini mdomo huponza kichwa. Alitoka bila pasi. Kabla sijamaliza mstari niliokuwa nao, alikuwa keshampelekea Asha sauti kwenye simu. Glavu ziliondoka Norwei zikiwa glavu. Zilipofika Mlandege zilikuwa soksi za mtoto mchanga. Zilipofika Amani, kwa mujibu wa Mama, mimi nilikuwa nimeshaoa, mke wangu mzungu ana mimba ya miezi sita, na nimeacha dini kwa ajili ya nguruwe. Seif hakufuma kitanzi kimoja maishani mwake, lakini angalia alivyoweza kuongeza.

Na wewe, Zuwena, hukuniuliza. Hapo ndipo ninapokasirika, na nitakasirika mpaka mwisho wa ukurasa huu. Mwanamke uliyesoma mpaka kidato cha sita, unayejua kumkosoa mtangazaji wa redio, umekaa ukamsikiliza Asha wa vitambaa, ambaye mwaka juzi alimzushia kifo mume wa mtu aliyekwenda Pemba kuzuru. Hukupiga simu, hukuandika. Ukachukua kanga, ukajifunga, ukapita uani mbele ya Mama. Mama alinipigia analia na kucheka kwa pamoja. "Mwanangu," akanambia, "mkeo kapita hapa mara tatu, na mara zote tatu mgongo kanigeuzia mie, nisome." Nikamuuliza imeandikwa nini. Akanisomea: NILIDHANI MWENZANGU KUMBE MWENZAO.

Kanga hiyo nilikununulia mimi. Tuliinunua hapo hapo Mlandege, na unakumbuka vizuri kwamba maneno hatukuyasoma, tulipenda rangi. Sasa umeyapatia kazi. Hongera. Asubuhi yake ukafunga begi ukaenda Chukwani, ukanifungia simu, na ukamwachia Mama maagizo kwamba nikae na wafumaji wangu.

Ni kweli namfumia mwanamke. Mwanamke mwenyewe ni wewe, mpumbavu mwenzangu.

Kibali chako cha kuja huku kimetoka. Unajua kimetoka, kwa sababu siku niliyokwambia ulipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Utashuka hapa na mikono yako ya Unguja, iliyozoea kulalamika baridi ya kipupwe, na ukitoka mlango wa uwanja wa ndege bila kitu mikononi utarudi ndani ulie. Nikasema nitakufumia, usije ukavaa zile za dukani zenye picha za paa wenye mapembe. Maua nikayachora mwenyewe kwenye karatasi ya viraba. Bi Inga alitaka nifume nyota zao, nikakataa. Nilichora piko, lile pambo jeusi la mikono yako ya siku ya arusi: ua la majani saba mgongoni mwa mkono, shina lake linalopanda kwenda kidole cha pete, na ule mstari wa nukta unaozunguka kifundo. Vidole havina vyumba, kwa hiyo shina nimelipandisha katikati likaishia hewani, lakini ua lipo. Nilichagua nyekundu kwa sababu uzi mweusi ulikuwa umekwisha, na pia kwa sababu hina ni hina.

Sasa cheka, maana hapa unaruhusiwa kunicheka. Nilimaliza ya kwanza, kazi ya wiki tatu. Nikaanza ya pili. Nikaiweka ile ya kwanza mapajani, nikawa naifuata: hapa nukta, hapa ua, hapa kidole gumba. Kitanzi kwa kitanzi, kwa uaminifu mkubwa. Jumamosi nikaenda nazo maktaba, nikaziweka mezani mbele ya wale wanane kama mtu anayelipa mahari. Wakazishika. Wakalisifu ua. Kisha Bi Inga akavaa moja mkono wa kushoto, ikaingia. Akachukua ya pili avae mkono wa kulia, kidole gumba kikatokeza upande wa mgongo. Akazigeuza. Akazilaza pamoja. Zilikuwa sawasawa.

Zuwena, mimi kwangu jozi ni doti. Kanga zinakuja mbili zimeshikana, kipande hiki na kipande hiki ni kimoja, unakata katikati, unapinda, mwisho wa habari. Hakuna kanga ya kulia na kanga ya kushoto. Ingekuwa mtu anauza doti yenye vipande visivyolingana, nyie wanawake wa mjini mngemrudishia dukani akiwa amelala. Hivyo ndivyo nilivyofuma. Nimefuma doti ya glavu, mbili, zote za mkono wa kushoto, mkono ambao kwetu hata kisahani cha halua humpi mtu nao.

Wale wazee walicheka mpaka mmoja akatoka nje. "Sasa utafute mke mwenye mikono miwili ya kushoto," Bi Inga akasema, na keki yake ikamkwama kooni, na nakiri kwamba kwa kitambo kidogo nilimwombea isitoke.

Akameza. Akaniambia nifumue ya pili mpaka kwenye kidole gumba, nianzie hapo. Nikakataa. Sikuvuka bahari kuja kuamrishwa na bibi mwenye miwani miwili. Ndipo akaniuliza, "Huyo mkeo mkono wake ukoje?"

"Mzuri," nikamjibu.

"Nauliza ukubwa."

Bi Inga akaweka mkono wake juu ya meza. Mwenzake akaweka. Wote wanane wakaweka mikono mezani, minene, myembamba, yenye mabaka, yenye mishipa kama mizizi, mmoja mdogo kama wa mtoto. Bi Inga akasema, "Tuonyeshe. Unafanana na upi?"

Niliitazama mikono ile, Zuwena. Nikautafuta wako. Ua nalikumbuka. Nakumbuka jani la nne lilikuwa limepinda kwa sababu ulicheka wakati somo yako, kungwi wako, anachora. Nakumbuka piko ilianza kubanduka kwenye kidole gumba kwa kuwa ulikataa kukaa, ukaosha vyombo kabla fungate haijesha. Nakumbuka harufu yake. Lakini mkono wenyewe, upana wake, urefu wa vidole, ukiwa ndani ya wangu unafika wapi, sikuuona. Nimeishi nawe miezi saba. Nimeishi bila wewe miaka mitatu. Nikanyoosha kidole kwenye ule mdogo kuliko yote, ili tu waache kunitazama.

Bi Inga hakucheka safari hii. Akasema, "Hujui." Halafu akasema, "Fumua."

Nikafumua. Zote mbili, pale pale mezani, mbele yao. Kufuma wiki sita, kufumua hata kahawa haikupoa. Uzi uliofumuliwa hauwi tena kama ulivyonunuliwa, unabaki na mawimbi ya vitanzi. Nimeuosha, nimeuanika bafuni juu ya bomba, na kila nikioga unanidondokea maji mgongoni. Haya ndiyo maisha yangu na wanawake wa kizungu, mwambie Asha ayapeleke yalivyo, kama ataweza.

Nisalimie kaka yako, shemegi yangu, mwambie namshukuru kwa kukuweka, na asizidishe. Nisalimie wifi yako mdogo, jirani wa Mama huko Amani, ndiye aliyekuwa akiniambia kila siku kwamba unapita njia ya mbali usimwone Mama. Yeye hana kosa. Nisalimie somo yako aliyekuchora, mwambie bado naikumbuka kazi yake kuliko nilivyotakiwa. Mama usimpelekee salamu, nenda mwenyewe ukamwamkie, na umchotee maji. Seif na dada yake sina salamu zao, na kama ninazo zinahitaji vidole kuzitoa.

Zuwena, kibali kina mwisho wake. Muda huo ukipita, tunaanza upya, na mimi nguvu ya kuanza upya sina. Nimekutukana humu, na nilipokuwa nakutukana nilikuwa nafurahi kwa sababu nilikuwa nazungumza nawe. Ndani ya barua hii nimetia karatasi nyeupe, haina mistari. Iweke juu ya meza, ulaze mkono wako juu yake, vidole vinne vikae pamoja na kidole gumba kikae mbali, uuzungushie kalamu. Mpe Mzee Pandu, anarudi baada ya wiki mbili. Nitajua la kufanya.

Kama huji, usiandike neno lolote, wala usinitumie la kanga. Mpe Mzee Pandu karatasi hiyo ikiwa tupu, kama nilivyokupa. Nitaifungua nikiwa nimekaa.

Mimi mumeo,
Vuai